Naombeni ushauri: nimepata kazi na afisa wa serikali kwenye nchi yenye vita, niende au niache?

Mkalimani_Njiro: Habari za jioni wakuu. Nipo Arusha. Nilisoma Khartoum, ni mmoja wa wanafunzi tuliorudishwa nyumbani kupitia Ethiopia vita ilipolipuka Aprili 2023. Tangu hapo natafsiri Kiarabu, mara mikutano ya AICC, mara wageni wa utalii. Kuna afisa mmoja wa serikali ya Sudan, anashughulika na ununuzi wa ngano na mafuta. Namfanyia tafsiri kwa simu muda sasa, anataka niende Port Sudan niwe msaidizi wake. Malipo kwa dola. Mama hataki hata kusikia, na mimi usingizi sina. Naombeni ushauri, matusi pelekeni kwingine.

Mangi_Kibosho: Dola ngapi? Ushauri unategemea hapo.

Mama_Wawili: Mdogo wangu, huyo afisa ana mke?

Mkalimani_Njiro: Dada, ni kazi. Ni sawa na baba yangu.

Mama_Wawili: Ndio hao hao.

Chalii_wa_Ngarenaro: Sasa mtafsiri na ngano wapi na wapi?

Mkalimani_Njiro: Chalii, pale dhahabu ndiyo inaleta dola, dola ndiyo inanunua ngano na dizeli. Kabla ya vita dola moja ilikuwa kama pauni 600, sasa mtaani imepita 3,000. Bei ya asubuhi jioni haipo. Mimi nakaa na karatasi za wauzaji wa nje: huyu kaandika bei ya kufikisha bandarini, huyu bei ya kwao, yule bima ya vita hajaiweka kabisa. Kuna mkataba ulikuwa kimya kuhusu nani analipa meli ikisubiri nje ya bandari. Nikamwonyesha, akanipigia usiku ule ule kunishukuru. Watu wanakula mkate kwa kazi hii, siyo umbea wa kukalimani harusi.

Mangi_Kibosho: Dola ngapi jamani?

Wakili_Mtoro: Mleta mada, kwa kutafsiri tu hupewi dola za kukukosesha usingizi. Umesaini nini?

Mkalimani_Njiro: Hakuna kikubwa.

Wakili_Mtoro: Basi kidogo tuambie.

Mkalimani_Njiro: Kuna kampuni. Tumeisajili BRELA, TIN imetoka, akaunti imefunguliwa. Wauzaji wa nje wanaogopa kupokea hela moja kwa moja kutoka Sudan, kwa hiyo zitapitia hapa. Fungu la kwanza linatoka Dubai. Hisa ni zangu kwa karatasi tu, na kila kitu kimefuata utaratibu, sijaiba.

Wakili_Mtoro: Kwenye fomu ya mmiliki manufaa, yaani mwenye kampuni halisi, umeandika nani?

Mkalimani_Njiro: Mimi.

Wakili_Mtoro: Na hela ni ya nani?

Mkalimani_Njiro: Mbona unanihoji kama polisi? Nimeuliza kuhusu safari.

Wakili_Mtoro: Safari ndiyo nafuu yako. Marekani iliwawekea vikwazo Burhan, mkuu wa jeshi la Sudan, na Hemedti, mkuu wa wapiganaji wa RSF anaopigana nao, Januari 2025, na Septemba mwaka huohuo ikamwongeza waziri wao wa fedha, Gibril Ibrahim. Benki ikishtukia muamala, Port Sudan hawampigii mtu. Wanakupigia wewe wa Njiro.

Mzee_wa_Majengo: Wajukuu, mmenikumbusha mbali. Vita ya Kagera ilipoisha 1979 Mwalimu alituambia tufunge mikanda miezi 18. Wengine hatujaifungua mpaka leo. Hazina imekauka, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilishakufa 1977, mpaka wa Kenya umefungwa. Waziri wa Fedha, Edwin Mtei, mtu wetu wa Marangu, akajiuzulu mwaka ule kwa kutoelewana na Mwalimu juu ya masharti ya IMF. Mimi nilikuwa karani wa bohari moja hapa Moshi. Vilikuwa vinaletwa vikaratasi: "Mpatie mleta barua hii sabuni na khanga doti tatu." Hakina jina wala muhuri, mwandiko tu unaujua. Kwenye leja nasaini mimi au mwenzangu. Msako wa wahujumu uchumi ulipokuja 1983, leja ilikuwepo, vikaratasi havikuwepo. Mwenzangu aliondoka na askari kalamu ikiwa bado sikioni.

Mangi_Kibosho: Mzee shikamoo. Bibi yangu alikuwa anabeba Omo na Kimbo kutoka Loitokitok usiku, anatokea Tarakea alfajiri amejitanda kama anatoka msibani. Ndiyo iliyomsomesha baba.

Mzee_wa_Majengo: Marahaba. Inawezekana hata mimi nilinunua kwake.

Sisemi_Kitu: Ngojeni. Sudan ilivunja uhusiano na UAE Mei 2025, halafu hela ya serikali itoke Dubai? Hii chai. Na nimepekua nyuzi zake, kuna mahali anauza kuku chotara Usa River. Mkalimani wa kuku!

Chalii_wa_Ngarenaro: 😂😂 Nilishaanza kumwonea huruma.

Mkalimani_Njiro: Kuku ni wa mama, nilimsaidia kutangaza. Dubai nilimuuliza, akasema ni wafanyabiashara binafsi.

Wakili_Mtoro: Na wewe ukaridhika?

Sisemi_Kitu: Kama kweli unaijua Sudan, watu wananunuaje vitu siku hizi?

Mkalimani_Njiro: Kwa Bankak, app ya benki kwenye simu. Ukitaka noti, unamtumia mwenye duka, anakupa pungufu anabaki na chake. Noti mpya za 1,000 zilitoka mwishoni mwa 2024, na zilibadilishwa upande wa jeshi. Upande wa RSF wamebaki na za zamani.

Sisemi_Kitu: Hata gugo inajua hayo.

Mama_Wawili: Chai au siyo chai, mwacheni mtoto wa watu ajibu. Mdogo wangu, unamwamini?

Mkalimani_Njiro: Hajawahi kunidhulumu hata shilingi. Tiketi ya KIA hadi Addis ipo, ni ya Ijumaa. Wakili, kujitoa ukurugenzi kunachukua muda gani, na ninaweza kufanyia nikiwa huko?

Wakili_Mtoro: Kumbe tiketi unayo! Na hisa je? Njoo inboksi, usiandike tena hapa.

Mangi_Kibosho: Na kuku chotara bei gani?