ETI "KUNA KINGINE NIKUSAIDIE?" KINGINE KIPI WAKATI CHA KWANZA HUJANISAIDIA!!!

Mzabibu (mleta mada):

Wakuu naandika hapa mikono inatetemeka na natumia bando la simu linaloelekea kuisha, maana intaneti ya nyumbani ndo hiyo imekufa, kwa hiyo mnisamehe makosa ya herufi.

Nimetoka kukata simu sasa hivi na wale jamaa. Siwataji, mnawajua, wale wa tangazo la familia imebanana kwenye kochi moja watu sita kila mtu na kifaa chake na wote wanacheka mpaka mtoto mchanga. Hao hao. Leo siku ya nne ruta yangu inawaka taa nyekundu, ile imeandikwa LOS, inapepesa usiku kucha kama gari la wagonjwa, nimeifunika na kitambaa ndo napata usingizi. Siku ya nne! Nimepiga simu mara kumi na moja. Ule muziki wao wa kusubirisha nimeusikiliza mpaka jana nimeuota.

Sasa leo nasubiri dakika 47, picha ya skrini ninayo kama kuna mtu anabisha, anapokea dada mmoja sauti laini kama anabembeleza mtoto. Namweleza kila kitu taratibu kwa heshima zote. Taa nyekundu, siku nne, namba za malalamiko tatu hazijajibiwa hata moja, na siku ile ile ya kwanza nilikuwa kwenye usaili wa kazi kwa video, kazi niliyoisubiri miezi, ndo kwanza wananiuliza swali la pili, nikakatika katikati ya sentensi na mpaka leo hawajanitafuta. Hiyo kazi nilikuwa naihitaji. Namwambia yote hayo. Anabofya bofya huko. Kimya. Anabofya. Halafu ananiambia "kwa upande wetu huduma yako inaonekana ipo hewani vizuri kabisa."

Vizuri kabisa!

Namwambia dada mimi hapa naiona taa kwa macho yangu mawili, nyekundu. Eti nizime niwashe. Hii ruta nimeizima na kuiwasha kuliko swichi ya taa ya sebuleni, lakini sawa, nikazima, nikahesabu mpaka thelathini kama alivyosema, nikawasha, naisubiri ipande, nyekundu. Nikamwambia ni nyekundu. Akanyamaza kidogo. Halafu wakuu, ruta nimeishika mkononi, waya unaning'inia, akasema: "Sawa, asante kwa kutuchagua. Je, kuna kingine nikusaidie?"

KINGINE!! Kingine kipi dada yangu? Kingine kinakuja baada ya cha kwanza! Umenisaidia nini mpaka kiwepo kingine? Ni sawa na uende hospitali umevunjika mguu, daktari aukodolee macho, aseme kwa upande wangu mguu upo, kuna kingine?

Na nilivyokata simu, haijapita dakika, meseji hiyo: tatizo lako limetatuliwa, tupe alama kuanzia moja mpaka tano. Nilitafuta sifuri haipo.

Nahama. Leo leo. Naombeni mnitajie mtandao wa nyumbani wa bei ya kubebeka na usiokatika katika, ila kama ni kunishauri nizime niwashe pita kushoto. Kuna kingine nikusaidie! Yaani!

Msomaji_kimya:

Natia kambi hapa, nasoma majibu.

Debe_tupu:

Hahahaha "kwa upande wangu mguu upo" aisee nimecheka basi zima wananiangalia. Ila mleta mada na wewe, siku nne unaiangalia taa? Ungeshaoa.

kobe_mbio:

Hao jamaa mimi walinitenda hivyo hivyo ila mimi yule mhudumu aliniambia "samahani kwa usumbufu uliojitokeza" mara tisa, nilihesabu. Usumbufu haujajitokeza wenyewe, mmeuleta nyie!

fundi_ngazi:

Mkuu Mzabibu pole sana. Mimi kazi yangu ndo hii ya kupanda nguzo kwa hiyo sikiliza. LOS nyekundu maana yake mwanga haufiki kwenye kifaa chako. Hata uzime uwashe mpaka mwakani haitawaka kijani, maana ruta haiumwi, tatizo liko kwenye waya. Faiba ni uzi wa kioo, mwembamba kama unywele, na ukikunjwa kona kali mwanga unavujia pembeni. Angalia kwanza hapo nyumbani, nyuma ya kabati, chini ya mguu wa meza, mlangoni, waya haujabanwa? Kichwa cha kijani kilichochomekwa kwenye ruta hakijalegea? Kama hapo kote sawa basi umekatika au umechomoka huko nje kwenye kiboksi, na hapo lazima fundi aje na mashine ya kupima. Tukipima tunapata namba hasi, hasi 18, hasi 22, hiyo safi. Ikishafika hasi 27 na kuendelea huko kifaa kinaanza kutapatapa mpaka kinapotea kabisa.

Na huyo dada mara nyingi anachokiona ni skrini ya akaunti. Akaunti iko hai maana yake umelipia basi. Kama mwanga unakufikia, hiyo inaonekana kwenye mtambo mkuu, na mtambo unajua kabisa kifaa chako kimepotea saa ngapi. Ukipiga tena sema hivi: "Naomba mwangalie kwenye mtambo kama kifaa changu kiko hewani, na mniambie kiwango cha mwanga." Atalazimika kukuhamishia kwa watu wa ufundi.

Mzabibu:

Fundi Mungu akubariki, dakika mbili umenipa maelezo niliyoyatafuta siku nne. Waya nimeuangalia wote haujabanwa popote. Kwa hiyo yule dada alikuwa anaangalia kama NIMELIPA?? Yaani nimelia naye pale, usaili, kazi, taa, na yeye anasoma risiti yangu? Na bado akaniuliza kama kuna kingine!

MamaWawili:

Wewe bora hata unapokelewa na mtu. Sisi huku tunajibiwa na roboti, bonyeza moja, bonyeza nne, bonyeza tisa kurudi mwanzo, nimebonyeza mpaka nimerudi mwanzo mara tatu watoto wamemaliza kusoma darasa la mtandao.

Sautikubwa:

Hata hao wenu wana nafuu jamani, mimi nimeibiwa waziwazi. Nimelipia Mbps 20, nikidaunlodi kitu naona pale 2.5. MBILI NA NUSU! Ishirini inakwenda wapi? Kumi na saba na nusu wanakula nani?

kijana_wa_gemu:

Sautikubwa hujaibiwa mkuu. Kampuni wanauza kwa megabiti, kompyuta inakuonyesha megabaiti. Baiti moja ina biti 8. Gawa 20 kwa 8, unapata 2.5. Unapata haki yako yote mpaka senti ya mwisho.

Sautikubwa:

Kwa hiyo mimi ndo mjinga?

kijana_wa_gemu:

Sijasema hivyo mkuu, nimegawa tu.

Sautikubwa:

Kwa nini wasiandike megabaiti basi? Wanaandika ile namba kubwa makusudi, watu tuione kubwa. Huo nao ni wizi wa namna yake, mimi msimamo wangu ni huo.

kobe_mbio:

Hapo Sautikubwa namuunga mkono. Na lile neno "bila kikomo" nalo lifutwe. Nililipia kifurushi bila kikomo, katikati ya mwezi spidi ikaanguka mpaka picha moja inafunguka kwa awamu, kwanza paji la uso, baadaye macho. Nauliza naambiwa nimefika kiwango cha matumizi ya haki. Sasa kama kuna kiwango, kikomo ni nini? Mleta mada ukihama uliza hilo kwanza kabla hujauliza bei, kikomo cha "bila kikomo" ni GB ngapi na ukishavuka spidi inashuka mpaka ngapi. Wakupe kwa maandishi.

fundi_ngazi:

Kweli kabisa. Na uliza na spidi ya kupandisha, yaani ya kutuma, maana tangazo linataja ya kushusha tu, yaani ya kupokea. Usaili wa video unataka kupandisha. Kuna vifurushi vinakupa 30 kushuka na 3 kupanda, ukiongea upande wa pili wanakuona umeganda wakati wewe wote unawaona vizuri. Na kingine,

Mzabibu:

Fundi tafadhali neno hilo usilitumie kwenye uzi huu, nimeruka kwenye kiti.

Debe_tupu:

HAHAHAHAHA kuna kingine fundi akusaidie?

fundi_ngazi:

Haya samahani. Jambo lililobaki. Usinunue kwa kuangalia tangazo, nenda kwa jirani mliyeko laini moja ukapime kwake saa mbili usiku, siyo saa nne asubuhi watu wako kazini. Faiba nyingi za majumbani ni ile ya kugawana, mkondo mmoja wa gigabiti 2.5 hivi kwa sekunde wa kushuka unagawiwa nyumba 32, kwingine 64. Usiku kila mtu anafungua video, hapo ndo unamjua nani kabana na nani kaachia. Na pima kwa waya, chomeka kompyuta moja kwa moja kwenye ruta, maana waifai inapita kwenye kuta inapungua halafu mnailaumu laini bure. Waifai ya masafa ya GHz 2.4 inafika mbali lakini imejaa kelele za majirani, ya GHz 5 ina kasi ila ukuta mmoja wa zege tu inachoka.

Na angalia gharama za kuunganishwa, kifaa ni chako au cha kwao, na mkataba unakufunga miezi mingapi. Mtandao wa bei rahisi wenye mkataba wa miaka miwili ukikatika katika utaujutia.

Mpitanjia22:

Hamia satelaiti uachane na habari za nyaya.

kijana_wa_gemu:

Inategemea ipi. Zile za zamani ziko juu karibu kilomita 36,000, ping yake, yaani muda wa mawimbi kwenda na kurudi, inazidi milisekunde 500, mimi kwenye gemu nikibonyeza kuruka nimeshakufa zamani. Hizi za sasa zinazozunguka chini, kilomita 550 hivi, hizo ping yake inachezeka. Ila pesa ya kununua kifaa siku ya kwanza inauma, na sahani inataka ione anga wazi, mti mmoja tu umesimama vibaya unakatika kila baada ya dakika chache.

MamaWawili:

Nyie mnaongelea gemu, mimi kamera zangu za nyumbani nikitoka siwezi kuziona kwenye simu, nikiwa ndani naziona. Nimelalamika wanasema kamera mbovu. Nimebadilisha kamera. Bado. Nimepoteza hela bure.

kijana_wa_gemu:

Mama kamera ilikuwa nzima. Ili ufikiwe kutoka nje unahitaji anwani yako ya intaneti, na zile za mfumo wa zamani, IPv4, zipo kama bilioni 4.3 dunia nzima na mafungu ya mwisho ya akiba kuu yaligawiwa 2011, kwa hiyo kampuni nyingi wanawarundika wateja kibao nyuma ya anwani moja. Ingia kwenye ruta angalia anwani ya upande wa nje, kama inaanza na 100 na namba inayofuata iko kati ya 64 na 127, umewekwa kwenye rundo, mtu wa nje hawezi kukufikia moja kwa moja. Waombe anwani ya umma, wengine wanakutoza kidogo. Au tafuta kamera zinazopitia seva ya watengenezaji wake.

MamaWawili:

Nimeangalia. Inaanza na 100.72. Yaani nimetupa kamera nzima mimi!! Na yule mhudumu alikuwa ananiambia kwa uhakika kabisa, mama hiyo kamera imeshakufa. Naandika uzi wangu.

Debe_tupu:

Andika mama, tunakuja.

Sautikubwa:

Jamani kuna hili la majirani halijaongelewa. Mimi nalipia mwenyewe, jirani anakuja kuomba password "nitume meseji moja tu", leo mwezi wa tatu, nyumba nzima ya kwake wanaangalia mpira kwenye laini yangu.

kobe_mbio:

Badilisha password.

Sautikubwa:

Ni mama mkwe.

Debe_tupu:

Duh.

Msomaji_kimya:

Mkuu mama mkwe hapewi password, anapewa ruta yake.

Mpitanjia22:

Sasa umeanza kugawana laini na ukweni hata hiyo 2.5 si utaisikia tu?

Sautikubwa:

Ndo nawaambia nimeibiwa hamtaki kuelewa!

kijana_wa_gemu:

Ruta nyingi zina waifai ya wageni, fungua hiyo uwekee kiwango cha spidi, mpe yeye hiyo. Mpe jina zuri tu asijisikie vibaya.

Sautikubwa:

Akigundua je?

MamaWawili:

Mama mkwe yeyote anagundua. Mwache aangalie mpira wake.

Mzabibu:

Wakuu samahani kuingilia mambo ya ukweni. Nimepiga tena, nimesema maneno ya fundi kama yalivyo, "kwenye mtambo" na "kiwango cha mwanga". Kaka aliyepokea kabofya kidogo tu kaniambia kifaa chako kimepotea tangu siku nne zilizopita saa kumi na dakika kumi na mbili jioni. NA DAKIKA! Walikuwa wanajua mpaka dakika! Saa kumi na dakika kumi na mbili ndo swali la pili la usaili. Fundi wao anakuja kesho asubuhi, mimi bado nahama.

fundi_ngazi:

Safi. Akija hakikisha anakuonyesha namba kwenye mashine kabla hajaondoka.

Debe_tupu:

Sautikubwa vipi, ukweni wanasemaje, mpira umeisha?

Sautikubwa:

Muda wa nyongeza.