Dogo amalize digrii kwanza au asaini timu? Ijumaa wanataka jibu

Kijana_wa_Uyole:
Wakuu, habari za jioni. Nina mdogo wangu yuko chuo hapa Mbeya, anacheza winga ya kulia. Kuna timu imemwona kwenye bonanza la vyuo, inamtaka msimu huu. Nyumbani tumegawanyika. Mama anasema asiguse kalamu ya mtu mpaka avae joho. Baba mdogo anasema mpira una umri, digrii haina. Mimi niko katikati. Ingekuwa ni mdogo wako ungemwambiaje?

Fundi_Kabwe:
Timu gani? Ligi gani? Dogo ana miaka mingapi, yuko mwaka wa ngapi, anasoma nini? Umemleta mgonjwa kafunikwa shuka gubigubi halafu unauliza dawa.

NyundoYaSokoine:
Asaini. Mengine atayajua mbele ya safari.

MamaParachichi_Njombe:
Ada analipiwa na nani, Bodi ya Mikopo au nyie? Maana hapo ndipo kwenye kesi yenyewe.

Kijana_wa_Uyole:
Samahani wakuu, niliandika nikiwa kwenye daladala. Dogo ana miaka 21, kamaliza mwaka wa pili, uhandisi ujenzi, bado miwili. Timu ni ya Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, iko nje ya mkoa, jina naomba niliache. Mkataba miaka 2, dau milioni 4 kwa awamu mbili, mshahara laki nne na nusu kwa mwezi, kula na kulala kambini. Ada Bodi wanalipa sehemu, inayobaki natoa mimi kwenye viazi.

Mwalimu_Kihesa:
Kamwene wote. Mimi jibu langu ni moja, amalize. Mnamjua Tim Duncan wa kikapu? Mama yake alifariki yeye akiwa mtoto, na alikuwa kamwahidi kwamba atapata digrii. Watu wa NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, walimtaka mapema, akawaacha wasubiri, akakaa chuo cha Wake Forest miaka minne yote. Mwaka 1997 akatoka na shahada yake ya saikolojia na akachaguliwa namba moja kati ya vijana wote walioingia NBA mwaka huo. Mataji matano na San Antonio. Digrii ilimchelewesha nini?

NyundoYaSokoine:
Mwalimu, na mimi nikupe wa kwetu. Hasheem Thabeet. Alikuwa University of Connecticut, akaondoka baada ya mwaka wa tatu, 2009 timu ya Memphis ikamchukua namba mbili. Namba MBILI, Mtanzania! Angebaki mwaka wa nne akaumia goti, leo ungemsikia wapi?

Fundi_Kabwe:
Na baada ya namba mbili kikafuata nini? Namba tatu mwaka ule alikuwa James Harden. Namba saba Stephen Curry. Huyo wetu mpaka 2014 alikuwa keshatoka NBA. Pengine mwaka mmoja wa nyongeza chuoni ungemkomaza.

NyundoYaSokoine:
Umejifunga mwenyewe. Curry naye aliondoka chuo cha Davidson baada ya mwaka wa tatu! Harden alikaa miwili tu. Wote wasaini-kwanza hao.

Mwalimu_Kihesa:
Na Curry alirudi akamaliza, 2022, akiwa keshabeba makombe. Michael Jordan aliondoka chuo cha North Carolina 1984, akaikamilisha digrii 1986. Shaquille O'Neal aliondoka 1992, akaipata 2000, na hakuishia hapo, akasoma mpaka udaktari. Kwa nini watu wenye hela zile wanarudi kukaa darasani na watoto?

Dada_Mafiati:
Vince Carter wa timu ya Toronto naye alirudi. Asubuhi ya mchezo wa saba dhidi ya Philadelphia, 2001, akapanda ndege kwenda kwenye mahafali yake, akavaa joho, akageuza siku hiyo hiyo. Jioni mpira wa mwisho ukawa mikononi mwake, akarusha, ukagoma, Toronto nje. Mpaka leo kuna watu wanalilaumu lile joho 😂

BwanaSheria_Tz:
Mnalinganisha gari na bajaji. Kule Marekani chuo ndiyo njia yenyewe ya kuingia. Kanuni ya NBA tangu 2005 inataka uwe na miaka 19 na uwe umeshatoka sekondari mwaka mmoja, kwa hiyo wengi mwaka huo wanaupitishia chuoni, uwanja umejaa, maskauti wamekaa mstari wa mbele. Tena tangu 2021 mwanafunzi anaruhusiwa kupata hela kwa jina na picha yake huku anasoma. Yaani anaweza kuvuna matangazo akiwa hajafanya hata mtihani. Huyu dogo wa Uyole anavuna boom, hela ya kujikimu ya Bodi, nalo likichelewa anakunywa uji. Kwetu chuo na ligi ni barabara mbili zisizokutana, kwa hiyo mifano ya akina Duncan haimsaidii. Tuongelee mkataba.

MamaParachichi_Njombe:
Umemaliza. Kwani lazima aende nje ya mkoa? Mbeya timu ziko: City, Prisons, Ken Gold kule Chunya. Atafute ya karibu, asubuhi darasani, jioni mazoezini.

Fundi_Kabwe:
Mama, timu haimsubiri mtu aliye maabara anapima zege. Mazoezi mengi ni asubuhi, na mechi za ugenini zinamtoa siku nne. Uhandisi ujenzi si kozi ya kusomea kwenye kochi. Ukikosa vipindi vya vitendo, mwezi wa saba unakutana na sapu, mitihani ya marudio.

Kambi_ya_Jeshi:
Aende timu ya jeshi tu. Siku goti likigoma, ajira ipo. Mtazameni Alphonce Simbu, mtu wa JWTZ, 2025 katwaa ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo kwa tofauti ya punje ya sekunde. Hana presha ya kodi ya nyumba.

NyundoYaSokoine:
Wewe kila uzi ni jeshi. Juzi mtu kauliza juu ya pampu ya maji ukamwambia ajiunge JKT.

Goti_la_Kushoto:
Huwa nasoma tu siandiki, ila leo acha niseme.

Mimi niliacha mwaka wa pili. Chuo kimoja hizi hizi nyanda zetu, nilikuwa nasoma biashara. Meneja wa timu alikuja na gari, akanipeleka kula kuku mzima, nikaona nimefika. Nikasainia juu ya boneti. Karatasi zilikuwa mbili, zote akaziweka kwenye begi lake, nami nikaona aibu kuomba nakala. Dau nikapewa nusu, nyingine "dirisha dogo", yaani usajili wa katikati ya msimu.

Miezi miwili ya kwanza mshahara ulikuja. Wa tatu tukaambiwa mdhamini yuko njiani. Huyo mdhamini sijui alikuwa anakuja kwa miguu. Tulikuwa saba kwenye nyumba ya magodoro manne, mwenye nyumba akaja kufunga choo kwa kufuli. Ugenini tunasafiri usiku kucha kwa basi, tunashuka saa sita mchana, saa kumi tuko uwanjani. Ilipofika Februari nikaruka kupiga kichwa, nikatua vibaya, goti likalia kama kuni kavu. Daktari wa timu alikuwa kijana mwenye ndoo ya barafu. Aliniwekea barafu, akanipa pole.

Kupiga picha ya goti baba aliuza ng'ombe. Timu ikaniambia nikapone kwanza nyumbani, wataniita. Nikarudi chuo kuomba kuendelea, nikakuta jina lilishafutwa, maana niliondoka bila barua yoyote. Nikaambiwa niombe upya, nianze mwaka wa kwanza. Lakini kwenye deni la Bodi jina langu halikufutwa, limekaa vizuri kabisa.

Sasa nauza mchele wa Kyela hapa Soweto ya Mbeya. Mpira siujutii, siku nilizocheza nilifurahi. Ile nakala ya mkataba ndiyo hunitoa usingizini.

Dada_Mafiati:
Pole sana kaka. Aisee.

BwanaSheria_Tz:
Pole ndugu. Na inauma zaidi kwa sababu kanuni za FIFA tangu 2018 ziko wazi: klabu isipokulipa mishahara miwili, unawaandikia barua, unawapa angalau siku 15, wasipolipa unavunja mkataba kwa sababu halali na unadai chako. Lakini bila karatasi mkononi utadai nini?

Kijana wa Uyole, kabla ya Ijumaa: nakala ibaki kwenu. Iandikwe akiumia anatibiwa na nani. Iandikwe anaruhusiwa kwenda kufanya mitihani. Na muulize kama mkataba utasajiliwa TFF.

Mwalimu_Kihesa:
Na akiondoka aondoke kwa barua ya kuahirisha mwaka, si kwa kutoweka. Asome kanuni za chuo chake, maana si vyuo vyote vitakubali mpira kama sababu. Ugonjwa wanaelewa, ada wanaelewa, winga ya kulia sijui. Na deni la Bodi usipomaliza liko pale pale. Siku ukiajiriwa wanakata asilimia 15 ya mshahara.

Mzee_wa_Tukuyu:
Vijana, mmeongea sana Marekani. Hapa hapa Rungwe, Tukuyu Stars walipanda daraja na mwaka huo huo 1986 wakachukua ubingwa wa Tanzania Bara. Simba na Yanga wakabaki wanatazamana. Enzi zile timu nyingi zilikuwa za mashirika, reli, bandari, pamba. Mchezaji anakata tiketi mchana, jioni anafunga magoli. Hili swali la shule au mpira halikuwapo.

NyundoYaSokoine:
Mzee shikamoo. Ila mashirika yalikufa, magoli yamebaki. Na sisi City tulipanda 2013, msimu wa kwanza tukamaliza wa tatu, juu ya Simba. Koma kumwanya!

Kambi_ya_Jeshi:
Wa tatu sio ubingwa. Mzee kashinda.

NyundoYaSokoine:
Mwaka ule Azam hawakufungwa mechi hata moja, ulitaka tufanyeje?

MamaParachichi_Njombe:
Turudini kwa mtoto wa watu jamani. Kijana, dogo mwenyewe anasemaje? Mama kasema, baba mdogo kasema, mhusika sijamsikia.

Kijana_wa_Uyole:
Yeye anataka kwenda. Nilisahau kusema, mwaka huu ana sapu tatu. Anasema hata akibaki hajui kama atatoboa.

Fundi_Kabwe:
Sapu TATU! Hilo lilitakiwa liwe la kwanza kusema. Huyo hakimbilii mpira, anakimbia hesabu za mihimili.

Dada_Mafiati:
Au amepata sapu kwa sababu ya mpira. Mimi nilimaliza chuo, sapu zinasafishika. Afanye kwanza, akishajua ameingia mwaka wa tatu au amedisko, yaani kaondolewa chuo, hapo ndiyo aamue akiwa na kitu mkononi. Timu ikimpenda itakuja tena dirisha dogo.

NyundoYaSokoine:
Haiji. Mawinga wako wengi kuliko viazi. Samatta alipotoka Simba kwenda TP Mazembe 2011 alikuwa na miaka 18. Huyu ana 21, mkimweka miaka miwili mingine ana 23, anaitwa mzee.

BwanaSheria_Tz:
Kijana, swali dogo. Hao watu wa timu mpaka sasa wametoa chochote?

Kijana_wa_Uyole:
Ndiyo nilitaka niulize hilo. Walituma milioni moja "ya kuonesha nia". Ilikuja kwenye simu yangu kwa kuwa laini ya dogo ina deni la songesha, ingekatwa. Hajasaini popote. Ila kusema kweli ile hela nilishanunulia mbolea, mvua zilikuwa zimekaribia.

Fundi_Kabwe:
😂😂😂 Kumbe umekuja kuomba ushauri ukiwa ushakula!

Mwalimu_Kihesa:
Ndugu yangu. Ndugu yangu.

MamaParachichi_Njombe:
Nilijua tu, nikauliza ada analipa nani. Sasa wewe unataka aende kwa faida yake au ya shamba?

Kijana_wa_Uyole:
Dada usinihukumu. Shamba hilo hilo ndilo lililomsomesha miaka miwili. Msimu uliopita wachuuzi walinibeba kwa lumbesa, gunia limevimba kama mama mjamzito wanakulipa bei ya gunia la kawaida. Nikisema nirudishe milioni leo naitoa wapi? Nimepanda ekari mbili.

BwanaSheria_Tz:
Waandikie hata ujumbe kwamba umepokea kiasi hicho na kwamba hakuna mkataba uliosainiwa. Dogo akikataa, mtarudisha kwa awamu. Usikae kimya, kimya ndicho kitakachogeuzwa kuwa makubaliano.

Mzee_wa_Tukuyu:
Umepanda mbegu gani?

Kijana_wa_Uyole:
Sherekea, mzee. Nusu ekari Kikondo.

Mzee_wa_Tukuyu:
Kikondo kwa sasa anasumbuliwa na mnyauko. Ungepanda Sherekea yote.

MamaParachichi_Njombe:
Huku kwetu watu wameng'oa viazi wanapanda parachichi. Lumbesa huisikii tena.

Fundi_Kabwe:
Parachichi unasubiri miaka mitatu ndipo uvune. Ni kama digrii.

NyundoYaSokoine:
Leo ni Jumapili. Kijana wa Uyole, Ijumaa ilipita. Dogo alisaini au yuko maktaba?

Dada_Mafiati:
Tangu Alhamisi hajaonekana humu.

Kambi_ya_Jeshi:
Dirisha la kuandikisha JKT lin...

NyundoYaSokoine:
Kaa chini.

Mwalimu_Kihesa:
@Goti_la_Kushoto, samahani kaka, nina kikao cha familia mwisho wa mwezi. Mchele wa Kyela kilo hamsini unanifanyia bei gani mpaka Iringa, na unapakia basi gani?