Naomba ushauri: mpangilio wa hadithi fupi kuhusu upweke

Ndugu wasomaji na waandishi, naomba ushauri wenu. Nimekamilisha mswada wa hadithi fupi 11, zote zikihusu upweke, shauku ya kupendwa na mahusiano yanayoweza kukatika kwa neno moja tu: mjane anayeendelea kuandaa sahani mbili mezani, ndugu wawili wanaopigiana simu kila wiki bila kuambizana lolote la maana, na mlinzi wa usiku anayemfahamu mpangaji mmoja kwa mlio wa viatu vyake tu. Kila hadithi ikisomwa peke yake inasimama. Zikisomwa mfululizo, huzuni inarundikana hadi msomaji anachoka. Rafiki yangu mmoja aliishia hadithi ya sita (hakuniambia, niliikuta alama yake ya ukurasa hapo).

James Joyce, mwandishi wa Ireland, katika mkusanyiko wake wa hadithi fupi Dubliners wa mwaka 1914, alizipanga hadithi 15 kuanzia utotoni hadi utu uzima, na iliyo ndefu kuliko zote akaiweka mwishoni. Nimejaribu kufuata umri hivyo hivyo, lakini wahusika wangu wengi ni wazee.

Je, niziondoe hadithi mbili au tatu zinazofanana kwa hisia, ingawa nazipenda, au niandike nyingine zenye ucheshi wa kumpumzisha msomaji? Ninahofia kwamba ucheshi ulioingizwa kwa makusudi utaonekana kama kiraka. Na kwa waliokwisha kuchapisha: hadithi ya kwanza iwe iliyo bora kuliko zote, au iliyo rahisi kusomeka?