Naomba ushauri: viatu vya kuendeshea pikipiki na kutembelea

Wakuu, habari zenu. Naendesha Yamaha XTZ 125 kutoka Mbezi hadi Posta kila siku ya kazi, na nikishaegesha natembea sana mjini. Raba hazidumu: ya kushoto inachubuka juu ya vidole kwa kupandisha gia, tena naogopa kamba zisije zikanasa kwenye pedali. Buti za mafundi ujenzi zenye chuma mbele ni nzito mno kwa joto la Dar.

Nataka kiatu cha ngozi kinachofunika vifundo vya miguu, hasa vifundo jamani, soli isiyoteleza kwenye mvua, na kinachofaa ofisini. Mtumba wa soko la Karume nitapata kweli, au nitafute vipya vya pikipiki? Mnaotembea navyo kutwa, mnavaa vipi?