Naomba ushauri: injini ya ndege ya vita imekaa bandani, Kanada

Wakuu habari zenu, mi niko huku Saskatchewan, nimeoa huku na baba mkwe katuachia shamba, sasa banda la nyuma kuna injini ya ndege Avro Anson, ile ya kampuni ya Jacobs yenye silinda 7 zilizopangwa duara, na dashibodi yake kamili. Wazee wa huku vita ilipoisha 1945 walinunua hizi ndege za mafunzo kwa bei chee wakazikatakata, tairi kwenye toroli, waya bandani, yaani hakitupwi kitu.

Shemeji anataka tuiwashe. Nimemgomea, maana oili hushuka silinda za chini na haibanwi kama hewa, ukipiga stata hivi hivi unapinda konrodi (chuma kinachounganisha pistoni na krenki). Nimefungua plagi za chini tu ikamwagika nyeusi nzito kama uji wa ulezi!

Kinachonitisha zaidi ni mageji, yamepakwa rangi ya radiamu (madini yenye mionzi, ilipakwa ili namba zing'ae gizani), imeshakuwa kahawia na inamomonyoka, na hiyo mionzi inachukua miaka kama 1600 kupungua nusu, na watoto wanacheza humo humo.

Dalali anataka kwa bei ya skrepa, naona ananiibia. Niwape makumbusho au niuze? Na mageji nayashikaje kwanza?