Mrejesho: lile lundo la mboji la shuleni

Asanteni mlionijibu. Niliuliza kwa nini mboji ya watoto wetu wa shule ya msingi inanuka kama yai viza, na siku ya wazazi ndiyo hiyo inakaribia. Mkasema imezidi maji, haipati hewa. Kweli bwana! Tulipoigeuza, chini tulikuta tope jeusi linalonata. Tukachanganya majani makavu na maboksi yaliyochanwachanwa, tukawa tunaigeuza kila baada ya siku tatu. Wiki ya pili harufu ikakata, na ukiingiza mkono unasikia joto.

Siku yenyewe watoto ndio walikuwa walimu. Mzazi mmoja (sawa, ni mimi) alitupa plastiki kwenye ndoo ya maganda, akarudishwa na mtoto wa darasa la pili. Vijinzi bado vipo. Sasa tunafunika maganda kwa majani.