Nimelipia albamu miezi mitatu kabla haijatoka, na siku 19 baada ya kuipokea wakatangaza "toleo kamili" lenye nyimbo nne nilizonyimwa

Wakuu, heshima kwenu. Kwa kawaida huwa ninachangia katika nyuzi za taarabu na muziki wa dansi, lakini leo naomba mnivumilie nifungue uzi kuhusu muziki wa mbali kidogo, kwa sababu hasira niliyonayo haina pengine pa kwenda, na mke wangu amekwisha kuniambia kwamba akisikia tena neno "santuri" mezani atahamia kwa dada yake.

Naishi Leeds, kaskazini mwa Uingereza, tangu 2011, na ugonjwa wangu ni bendi za indie za nchi hii, zile zenye magitaa yanayong'ara, waimbaji wasiojikakamua, na mashairi yanayoweza kueleza uchungu wa kuachwa na uchovu wa kusubiri basi katika ubeti mmoja. Miaka hii miwili mitatu imekuwa ya neema kwetu. English Teacher, vijana wa hapahapa Leeds, walitwaa tuzo ya Mercury, ile ya albamu bora ya mwaka, mwaka 2024 kwa albamu yao ya kwanza. Mwaka 2025 Pulp walirudi mwezi Juni na albamu yao ya kwanza baada ya miaka 24, Wet Leg kutoka Isle of Wight wakafuata Julai, Wolf Alice wakaja Agosti, na Oktoba tukapata albamu ya pili ya The Last Dinner Party. Zote nne ziko kwenye rafu yangu, kwa fedha yangu, na sina lalamiko lolote juu yake. Nazitaja ili asije mtu akasema kwamba mzee huyu anauchukia muziki wa vijana. Nauhusudu, na ndiyo maana nimeumia.

Bendi ninayoilalamikia sitaitaja, wala duka. Bendi ni changa, na sina hakika kama uamuzi ulikuwa wao au wa lebo yao, yaani kampuni inayotoa muziki wao.

Mwezi Februari duka moja la mtandaoni lilitangaza kwamba albamu yao mpya itatoka Ijumaa mwanzoni mwa Mei, na kwamba santuri ya rangi ya komamanga itachapwa nakala 500 tu, kwa hiyo anayeitaka aagize mapema. Nililipa pauni 27.99 na pauni 4.50 za posta siku hiyohiyo, kabla sijasikia hata wimbo mmoja. Najua, huko ndiko kununua mbuzi kwenye gunia, lakini mbuzi wa watu hawa nilikuwa namfahamu tangu akiwa ndama, maana nilikwisha kuwaona Brudenell Social Club, ile klabu ya wafanyakazi iliyoanzishwa 1913 ambayo leo ni mahali bora kuliko pote mjini hapa pa kuikuta bendi kabla haijawa kubwa, wakipigia watu ambao hawakufika themanini. (Ndiyo, mtoto wa mbuzi haitwi ndama. Nimeliona, naliacha lilivyo, nina hasira.)

Kifurushi kilifika Ijumaa ile ile ya kutoka, jambo ambalo nililipongeza. Nilikifungua kwa kisu cha matunda, nikaitoa santuri kwenye jalada, nikaishika kwa kingo dhidi ya mwanga wa dirisha, na kwa kweli rangi ilikuwa nzuri, nyekundu inayopenya mwanga kama juisi kwenye bilauri. Nikaiweka kwenye mashine. Sindano ikaanza kupanda na kushuka kama ngalawa inayovuka mkondo, na kila ilipofika upande uliojikunja gitaa lilivuta sauti kwa uvivu, kisha likarudi mahali pake, kisha likavuta tena. Santuri ilikuwa imepinda, tena kwa mpindo ambao ungeweza kupitisha kidole chini yake.

Hata hivyo nyimbo zilikuwa bora. Nilizisikiliza kwa simu siku zilizofuata, nikaziimba kazini, nikawaandikia duka kwa adabu Jumatatu yake nikiomba nakala nyingine. Wakataka video, nikatuma. Wakataka picha ya jalada, nikatuma. Wakasema kwamba kupinda kidogo ni hali ya kawaida ya santuri. Nikatuma video nyingine, safari hii nikiwa nimeweka sarafu ya peni mbili chini ya ukingo ili waone pengo lenyewe. Kimya cha siku sita.

Siku ya 19, ambayo ilikuwa Jumatano, ndipo ujumbe ukaingia kwenye simu yangu. Haukuwa wa kuniomba radhi. Ulikuwa tangazo: albamu ile ile sasa inatoka katika "toleo kamili", santuri mbili, jalada jipya, nyimbo nne za ziada zilizorekodiwa katika vipindi vilevile vya studio, pauni 34.99. Na siku iliyofuata ndipo jibu la malalamiko yangu likafika. Wananiambia kwamba nakala za komamanga zimekwisha, hawana ya kunibadilishia, ila kama nitapenda, watanipunguzia asilimia kumi nikinunua toleo kamili.

Ndugu zangu, hebu lifikirieni jambo hili kwa vitu vya kwetu. Ni sawa na kuuziwa upande mmoja wa kanga kwa bei ya doti, ukaambiwa ndivyo ilivyotoka kiwandani, kisha wiki tatu baadaye muuzaji yule yule akakuita dukani kukuonyesha kwamba upande wa pili ulikuwepo kabatini siku zote, lakini hauuzwi peke yake, sharti ununue doti nzima upya. Mwanamke gani wa Tanga angemwacha muuzaji huyo amalize sentensi?

Maana hoja yangu ni hii: hizo nyimbo nne hazikutungwa baada ya Mei. Zilikuwepo. Mtu aliketi kwenye meza akapanga kwamba anayependa sana, yaani yule anayelipa miezi mitatu kabla, apewe albamu pungufu, na yule aliyesubiri bila haraka apewe iliyotimia. Asante ya punda ni mateke, sawa, lakini punda angalau hatangazi mateke kwa ujumbe wa simu wenye picha ya maua.

Kwa msiofuatilia mambo ya huku, nieleze kwa nini wanafanya hivi, kwa sababu si uzembe bali ni hesabu. Chati rasmi ya Uingereza, yaani orodha ya albamu zinazoongoza kila wiki, huhesabiwa kuanzia Ijumaa hadi Alhamisi. Mauzo yote ya oda za awali, hata kama yalikusanywa kwa miezi mitatu, huingia katika wiki ile moja ya kutoka. Usikilizaji wa mtandaoni ulipoanza kuhesabiwa katika chati ya albamu mwaka 2015, kipimo kilichowekwa kilikuwa nyimbo kusikilizwa mara 1,000 ndipo ihesabike albamu moja. Kwa hiyo shabiki mmoja anayenunua santuri moja ana uzito ambao msikilizaji wa simu hawezi kuufikia kirahisi, na shabiki huyo huyo akinunua rangi tatu anahesabika mara tatu. Bendi changa isiyopigwa redioni haina njia fupi kuliko hiyo ya kufika juu. Hapo tunapata santuri ya komamanga, ya maziwa, ya madoadoa, yenye sahihi, yenye bango, na tiketi ya onyesho dogo inayouzwa pamoja na albamu hata kama albamu unayo tayari. Kisha wiki ya pili albamu inaporomoka kama jiwe kisimani, na toleo kamili linaletwa ili kulivuta jiwe hilo, kwa kuwa mauzo yake yanajumlishwa na yale ya kwanza chini ya jina moja.

Na soko lipo. Waingereza walinunua santuri milioni 5.9 mwaka 2023 na milioni 6.7 mwaka 2024. Ningefurahia takwimu hizo kuliko mtu yeyote humu, kama nisingejua ni ngapi kati yake ni sisi wajinga tunaonunua kitu kilekile mara ya pili.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba watu wa muziki huu ndio waliotufundisha kuichukia tabia hii. Bristol kulikuwa na lebo ndogo iliyoitwa Sarah Records, iliyoanzishwa 1987 na Clare Wadd na Matt Haynes, ambayo ilijenga jina lake juu ya santuri ndogo za inchi 7 za bei nafuu. Walipinga kwa maandishi desturi ya kutoa wimbo uleule katika maumbo mawili ili shabiki alipe mara mbili, na walipofikia toleo la 100 mwaka 1995 wakafunga lebo yenyewe, wakati bado inapendwa. Mwaka huohuo wa 1987 bendi ya The Smiths ya Manchester waliimba kejeli kali juu ya makampuni yanayofungasha upya bidhaa ya zamani na kuirudisha sokoni. (Nyimbo zao wenyewe zimefungashwa upya mara ngapi tangu hapo, tusiulizane leo.) Na bendi ya Belle and Sebastian walipotoa albamu yao ya kwanza kule Glasgow mwaka 1996, nakala zilikuwa 1,000 kwa sababu ulikuwa mradi wa chuo. Uhaba ule ulikuwa wa kweli. Uhaba wa komamanga 500 umetengenezwa na mtu yule yule anayechapa nakala za maziwa na za madoadoa katika kiwanda kilekile.

Sasa nirudi kwenye fedha yangu. Sheria ya haki za mlaji ya mwaka 2015 ya nchi hii inampa mnunuzi siku 30 za kurudisha bidhaa yenye kasoro na kurudishiwa fedha zote, na gharama ya kuirudisha ni ya muuzaji. Nimewaandikia hivyo jana, nikataja sheria kwa jina. Wamejibu kwamba watanirudishia pauni 27.99 nikiwapelekea santuri kwa posta ya kufuatiliwa ninayoilipia mwenyewe, na kwamba pauni 4.50 za mwanzo hazihusiki. Chini ya barua hiyo pepe kuna nyota tano, naombwa nipime huduma niliyoipata.

Kwa hiyo naomba mchango kwa mwenye uzoefu, hasa mlioko Uingereza: kuna aliyewahi kulirudishia duka la mtandaoni santuri iliyopinda, na wakakubali kulipa posta ya kwenda na ya kurudi? Je, nidai fedha yangu kupitia benki iliyotoa kadi niliyolipia, au niwape kwanza barua ya mwisho yenye tarehe? Leo ni Jumanne, siku ya 25. Siku 30 zinatimia Jumapili, na posta ya mtaani kwetu hufungwa Jumamosi saa sita na nusu mchana. Na atakayeandika hapa chini kwamba nyimbo nne zile zinapatikana bure mtandaoni, ajue kwamba nimekwisha kuzisikiliza, ya tatu ndiyo wimbo bora kuliko zote walizowahi kutunga, na hilo ndilo linaloniuma.